Baiskeli Ambayo Njambi Hakuibadilisha

Simeon alipochukuliwa na askari wa mkoloni na kupelekwa kizuizini, baiskeli yake ilibaki imening'inia kwenye boriti ya nyumba. Ndivyo alivyozoea kuiweka kila jioni, kwa kamba za katani, akisema tairi linalolala sakafuni huoza. Na hata watu walipohamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vipya, Njambi, mkewe, aliibeba begani, binti yao Waithira akimfuata, na kuitundika upya katika kibanda kile kipya. Wakati huo kila mwanamke wa Ruiru aliyebaki peke yake alikuwa na kitu cha mumewe alichokilinda: koti, patasi, Biblia. Njambi alilinda baiskeli, na alichotaka kilikuwa kimoja tu: siku Simeon atakaporudi, aikute.

Aliyemsumbua zaidi katika hilo alikuwa shemeji yake, Kagwe, ndugu mdogo wa Simeon. Alikuwa karani wa ghala kiwandani Thika, mtu mkarimu, asiyekuja mikono mitupu. Alikuwa na mazoea yake: kila Desemba alirudisha baiskeli yake dukani, akaongeza pesa, akatoka na ya mwaka huo. Mwaka mmoja alikuja na yenye taa ya dinamo, uliofuata yenye gia, kisha ikaja yenye madigadi ambayo vijana walijitazama humo kama kioo. Watu walingoja Krismasi waone Kagwe atakuja na nini.

Na kila alipokuja aliangalia juu ya boriti na kutikisa kichwa. Kidesturi, mali ya ndugu asiyekuwepo ilikuwa mikononi mwake. Alimweleza Njambi kwa upole kwamba chuma nacho huzeeka, na kwamba ingefaa waibadilishe ingali na mnunuzi. Njambi hakubishana. Alimjibu tu kwamba mwenyewe hajasema.

Lakini maneno yale yalimwingia. Alianza kuogopa kutu. Akafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya: alichukua mafuta ya kondoo, yale yale tunayopaka watoto wachanga, akaipaka baiskeli nzima, mnyororo na spoki hadi tandiko la ngozi. Kwa siku chache iling'aa. Kisha vumbi jekundu likaganda kwenye mnyororo kama uji uliokauka, na panya wakateremka kwa kamba wakalila tandiko mpaka springi zikaonekana.

"Shemeji," Kagwe alimwambia Krismasi hiyo mbele ya wageni, "hata panya wamekuambia uibadilishe."

Wageni walicheka. Njambi naye alicheka, kisha akaenda jikoni kuangalia moto, na hakurudi upesi.

Mwezi uliofuata aliikokota hadi Makongeni, kwa fundi Mkamba aliyeitwa Urbanus Kaleli, ambaye alifanya kazi nje ya nyumba za wafanyakazi. Alitarajia kuchekwa tena. Urbanus aliosha mnyororo kwa mafuta ya taa, akazungusha pedali, akasikiliza.

"Mifupa yake ni mizima, mama," alisema. "Umeumiza ngozi tu."

Akauliza kwa nini imening'inizwa muda wote huo. Njambi alipomweleza, fundi alisema baiskeli hutaka kazi, na ikikaa juu itakufa na uzima wake. Alimshonea tandiko jipya la ngozi ya ng'ombe. Na kila alipomfungia kipuri baadaye, alimshauri anunue kile tu ambacho fundi anaweza kukifungua na kukifunga tena, hata kama haking'ai.

Basi Njambi akaishusha. Mwanzoni aliikokota kama punda, imebeba kabichi kutoka Theta hadi kwenye kambi za wachuma kahawa. Kisha, katika vijia vya shambani ambako hakuna wa kumwona, alijifunza kuiendesha. Alianguka sana. Kina mama wa kanisa walimwita, wakamuuliza kama hana haya. Aliwasikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa, na Jumatatu akapeleka kabichi zake.

Simeon alirudi mwaka wa hamsini na tisa, mguu wake mmoja haukunjiki. Alisimama mlangoni akaitazama baiskeli kwa muda mrefu. Njambi alisubiri. Alikuwa amelisubiri neno la mwenyewe miaka yote ile.

"Kwa nini hukuibadilisha, mama Waithira?" Simeon aliuliza. Akasema yeye alikwisha kuiuza moyoni zamani, ili asiumie siku atakaporudi na kukuta haipo.

Njambi alichukua sufuria. Aliinama akaiosha, ingawa ilikuwa safi.

Wiki hiyo Simeon alitakiwa kuripoti ofisi ya serikali Thika, kama wote waliotoka kizuizini. Kagwe alikuja alfajiri kumpeleka, amependeza, baiskeli yake ikimetameta. Lakini mtindo wa mwaka huo haukuwa na keria ya kubebea mtu nyuma, na mguu wa Simeon haukuweza kukunjika akae mbele, juu ya mtaimbo, kile chuma kilicho kati ya tandiko na usukani. Kagwe alizunguka baiskeli yake mara kadhaa kana kwamba keria ingetokea. Njambi akatoka na ile nyingine, yenye keria ya kabichi.

"Watu watasema," Kagwe alinong'ona. "Mwanamume kubebwa na mkewe."

"Wameshasema mengi," Simeon alijibu, akakaa upande upande, mguu umenyooka kama mzigo wa kuni.

Kagwe aliwafuata kwa mbali kama mtu asiyewajua. Walipofika Juja alikuwa amewakaribia. Kwenye mteremko wa Ndarugu upepo uliwapiga usoni, na upande wa pili wa mto, mlima ulipoanza, Simeon aliomba kushuka. Alishika keria, akasukuma akichechemea, huku Njambi akishika usukani. Simeon alikuwa akiisikiliza baiskeli.

"Mnyororo si ule," alisema.

"Si ule. Uliisha."

"Na tandiko?"

"Panya. Nitakuambia. Tairi pia si zile, na breki."

Simeon alisukuma hatua kadhaa. Njambi aliogopa kugeuka.

"Basi hii ni yako," Simeon alisema hatimaye. "Yangu niliiuza."

Hakusema kwa uchungu. Walipofika juu Njambi alipangusa tandiko kwa leso, akapanda, akakanyaga ardhi kwa mguu mmoja baiskeli isiyumbe.

"Panda, baba Waithira," alisema. "Nikupeleke."