Kadi Ambayo Haikuungua

Lotukoi alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu wa Isiolo: neno "sijui" halikutoka kinywani mwake. Ukimpelekea redio iliyokufa, aliigonga mgongoni, akatega sikio, kisha akakutajia ugonjwa wake kabla hajafungua skrubu hata moja. Mara nyingi alipatia, na ndiyo maana watu walimvumilia. Kazi aliisomea kwa macho, miaka ya sabini, alipokuwa kibarua wa misheni akimshikia tochi bruda mmoja, mtawa aliyetengeneza redio za mawasiliano. Baadaye alifungua kibanda chake karibu na soko la mbuzi, akachora redio kubwa ukutani kwa rangi ya buluu. Mtoto wa mfugaji, asiye na ng'ombe hata wa dawa, sasa aliitwa Daktari, na jina hilo lilimkaa rohoni kuliko shibe.

Kompyuta ya kwanza ilipofika katika ofisi ya mradi wa mifugo, mwaka wa themanini na sita, watu walipanga foleni kuichungulia dirishani. Aliyeitumia alikuwa Umulkheir, binti wa Roba, mchuuzi wa mbuzi wa Chechelesi. Roba alikuwa amempeleka Nairobi kusomea mashine hiyo huku ndugu zake wakinung'unika kwamba msichana huozwa, hapelekwi kukaa na chombo cha stima. Roba aliwaambia wangoje waone. Wakaona: binti alirudi, akapewa meza yake na kiti chake, na baba yake akaanza kupita mbele ya ofisi hiyo hata siku ambazo hakuwa na safari ya upande ule.

Kisha stima ikaja kwa kishindo siku moja, ikaunguza sanduku la pawa, lile lililo ndani ya kompyuta na linalogawa umeme kwa viungo vyake vyote. Murithi, mkubwa wa ofisi, akaagiza Daktari aitwe. Lotukoi alifungua akaona dayodi moja, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, imekuwa makaa. Ya kufanana nayo ilikuwa Nairobi, na kungoja ilikuwa sawa na kusema "sijui." Akachomoa nyingine kutoka kwa televisheni mbovu aliyokuwa nayo kibandani, akaichomea mahali pake kwa risasi ya kuyeyusha. Ilikuwa ndogo kwa umeme wa kompyuta, na alijua ni ndogo. Alijiambia itatosha. Kompyuta ikaamka, makarani wakapiga makofi, na Lotukoi akaondoka bila kumwambia mtu yeyote juu ya ile televisheni.

Mambo yangeishia hapo kama Murithi asingetaka rangi. Wageni walikuwa wanakuja kukagua mradi, naye alitaka kuwaonyesha kwenye skrini ramani ya visima na malisho, kutoka Garbatulla mpaka Sericho, maji kwa buluu na nyasi kwa kijani. Kwa hiyo ikaletwa skrini mpya pamoja na kadi yake ya picha, kibao cha kuchomeka ndani ya mashine ili skrini ipate rangi. Umulkheir aliichomeka kadi kama alivyofundishwa, akawasha. Feni ilizunguka kidogo ikasimama, na skrini ikabaki nyeusi. Alipoitoa kadi na kurudisha skrini ya zamani, mashine iliamka vizuri kabisa. Alipoirudisha, ikafa tena.

Lotukoi akaitwa. Alilitoa sanduku la pawa, akaliunga na balbu ndogo ya tochi, kama alivyozoea kupima redio, kisha akaweka mita ya kupimia umeme. Balbu iliwaka na mshale ukasimama pale pale unapotakiwa. Hapo moyo ukamnong'oneza: ile dayodi. Aliusikia vizuri tu. Lakini Murithi alikuwa amesimama juu yake, makarani wamemzunguka, na wafugaji waliokuja na shida zao za dawa za ng'ombe wamejaa mlangoni wakimtazama Daktari. Akaigeuza kadi mkononi, akauliza ni nani aliyeishika.

"Ni mimi," alisema Umulkheir.

"Basi umeichoma. Sanduku ni zima, kila mtu ameona. Hii kadi imeungua."

Umulkheir alieleza polepole kwamba aliishika pembeni tu, na kwamba kabla ya hapo aligusa chuma cha mashine ili umeme wa mwilini usiidhuru kadi, kama walivyofunzwa. Lotukoi akamwuliza kama huko Nairobi alikwenda kusomea kompyuta au kusomea kusuka nywele. Watu wakacheka. Hata Murithi alicheka. Umulkheir aliinamisha kichwa akavuta mtandio wake mbele, na Lotukoi akakusanya vifaa vyake haraka haraka, mtu aliyeshinda lakini asiyetaka kukaa.

Umulkheir aliondolewa kwenye mashine. Hawakumfukuza, walimpa birika. Akawa wa kupika chai na kufagia, na kiti chake akakikalia karani ambaye hata kuiwasha kompyuta alikuwa hajui. Kule Chechelesi ndugu za Roba walipata la kusema, nao hawakulisema kwa sauti ya chini.

Lotukoi angeweza kuishi na hayo, maana mtu mwenye kiburi ana tumbo kubwa la kumezea mambo. Lililomshinda ni Roba mwenyewe. Mzee alikuja kibandani asubuhi moja, akamwamkua kwa heshima, akakaa kwenye kigogo cha wateja. Hakuja kugombana. Alitaka kujua kama kadi ikiungua inaweza kutibiwa, kwa sababu alikuwa na ngamia jike wa maziwa, na kama Daktari angekubali kuitibu, yuko tayari kumuuza. Lotukoi alijibu akiwa ameinamia redio ambayo haikuwa na ubovu wowote. Alisema ataangalia. Roba alimshukuru, akamwombea Mungu ambariki mikono, akaenda zake. Lotukoi alijisikia uso unawaka, na siku hiyo hakuweza kutengeneza kitu.

Alikwenda kuomba sanduku la pawa, akisema anataka kulisafisha vumbi. Njiani akamkumbuka mama yake, Nakal. Mama yule hakuwahi kununua punda wa mizigo kwa kumtazama amesimama sokoni. Alimfunga madebe ya maji yaliyojaa, akampandisha mlima kutoka mtoni, ndipo akazungumza bei. Hata mtoto anayechunga mbuzi alijua kwamba punda asiye na mzigo hana ugonjwa. Na yeye, Daktari, alikuwa amelipima sanduku kwa balbu ya tochi.

Kibandani akaliunga na balbu za taa za mbele za lori, moja, halafu nyingine. Ya kwanza ilipowaka mshale ulitetemeka. Ya pili ilipoungwa, mshale ulianguka na sanduku likazima, feni ikasimama vile vile kama siku ile. Alipogusa dayodi yake iliunguza kidole. Kompyuta peke yake, sanduku hilo liliiweza. Kompyuta pamoja na kadi ya picha ilikuwa mzigo mkubwa mno kwake. Lotukoi aliketi sakafuni na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Aliagiza dayodi ya kweli kwa dereva wa basi la Nairobi. Ilipofika, akaichomea, akalirudisha sanduku ofisini, akachomeka kadi ile ile. Skrini ikajaa rangi. Murithi alimpiga begani, akawaita makarani waje waone fundi aliyefufua hata kadi iliyochomwa na msichana. Wakati huo huo Umulkheir aliingia na chai. Alitazama skrini, akatazama kadi, akaanza kumimina.

Lotukoi alisema kadi haikuungua. Alisema ni sanduku, alitia kifaa kidogo, kikashindwa na mzigo. Murithi akacheka, akamwambia fundi ana roho nzuri, anamfunikia binti wa watu kosa lake. Makarani wakakubali kwa vichwa. Lotukoi akarudia, na kadiri alivyorudia ndivyo walivyomsifu, mpaka akatamani wangemtukana.

Umulkheir aliweka birika chini.

"Mzee, siku ile ulisema kadi imeungua. Ulikuwa unajua?"

Lotukoi aliiona njia ya kutokea, ilikuwa wazi: angesema amegundua juzi, na yangekwisha.

"Nilikuwa najua," alisema. "Si yote. Lakini nilijua ni nani wa kulaumiwa, na si wewe."

Hakuna aliyemsifu tena. Murithi aliangalia viatu vyake. Umulkheir alichukua trei, akaja akaiweka mikononi mwa Lotukoi.

"Basi hii chai wape wewe."

Akaenda kwenye kiti chake, akamngoja karani ainuke, akaketi. Lotukoi akazunguka ofisi na trei, vikombe vikigongana, akianza na Murithi na kumalizia na mlinzi wa mlangoni. Kila aliyepokea kikombe alipokea bila kumtazama usoni.