Mlango Niliouzibua Bunda

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alizunguka nyumba nzima akigonga kuta kwa mpini wa nyundo. Ilikuwa nyumba chakavu mjini Bunda, niliyoinunua kwa akiba yangu yote ya kuuza dagaa Mugango. Ninyi mnaotaka kuanza biashara hii ya kununua nyumba kuukuu, kuikarabati na kuiuza, sikilizeni: nilikagua kenchi, zile mbao zinazobeba bati, na nilikagua hati. Swali moja sikuuliza.

"Mama, hapa palikuwaga na mlango," alisema fundi. "Wakauziba kwa tofali."

"Zibua. Nataka fremu ya duka. Nyumba yenye fremu inauzika upesi."

"Mlango hauzibwagi bure."

"Mwenye nyumba ni nani, wewe au mimi?" Nilikuwa na kiburi cha nyumba ya kwanza.

Akazibua. Siku hiyo hiyo tukamwaga sakafu ya sementi. Asubuhi tukakuta nyayo za mtu pekupeku, zimeingia kwa mlango ule hadi chumbani. Za kutoka hazikuwepo. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Fundi akasawazisha, kesho yake zikarudi. Dalali alileta wateja, na kila mmoja alifika mlangoni akakumbuka ana safari. Niliogopa, lakini niliogopa zaidi kurudi kwenye dagaa.

Nikamfuata Butiama mjane aliyeniuzia, aliyekuwa akiishi kwa binti yake, nikaja naye. Alipoziona nyayo, aliinama akagusa pale pasipo na kidole.

"Mume wangu tulimtolea hapa siku ya mazishi, tukaziba asijue pa kurudia. Ukoo wao ndivyo wanafanyaga."

"Basi naziba leo."

"Si utamfungia ndani, mwanangu?"

Nyumba haikuuzika. Nilirudi kwenye dagaa, nikaja kuanza upya na kibanda cha chumba kimoja Musoma, na tangu hapo kila ukuta nimeuulizia habari zake kabla ya kupiga lipu. Haraka haraka haina baraka, nami niliijua tangu shule. Magoti yalipochoka nilistaafu, nikahamia Bunda kwenye ile isiyouzika. Tulizoeana. Kila nilipodeki, nyayo zilipita kwenye maji kuelekea chumbani.

Juzi zilielekea nje.

Nikapiga simu Butiama. Binti alipokea akilia. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri.

Nililia pia. Jana Fundi Mkuu, naye mzee sasa, alikuja na tofali, akasema tunaweza kuziba, hata kuuza. Nimemwambia asubiri. Huenda wakarudi wawili.