Kahawa Isiyorudishwa

Kwetu ni mji mdogo wa kahawa kando ya Ziwa Victoria, na mimi nimeukanyaga mara moja tu, nikiwa na miaka tisa, tulipokwenda kumzika babu. Mengine yote ninayoyajua ya kwetu niliyaokota hapa hapa Kariakoo, kwenye duka la mama, nikiwa nimekaa juu ya gunia nasikiliza watu wazima. Lakini waulize watu wa kwetu walioko Dar ni nani anayejua mila, watakutajia mimi. Hilo ni kosa lao. Langu ni kwamba sikuwahi kuwasahihisha.

Duka sasa ni langu. Nauza kahawa ya kutafuna. Buni zinachumwa kabla hazijaiva, zinachemshwa na majani ya dawa, zinakaushwa, kisha zinanifikia kwa basi zikiwa zimefungwa kwenye vifuko vya majani makavu ya mgomba. Mgeni akiingia nyumba ya mtu wa kwetu, hata kabla ya kuulizwa habari za nyumbani, anapewa buni atafune. Usipompa umemtukana. Wateja wangu wengi hununua kwa ajili hiyo tu, wasionekane wamesahau walikotoka.

Mama alinisimulia kwamba zamani si kila mtu aliruhusiwa kupanda mkahawa. Ulikuwa mti wa mkama, mtawala wetu, na aliyeupanda bila idhini alijitafutia balaa. Alinisimulia pia undugu wa kuchanjiana. Marafiki wawili walichanjana chale karibu na kitovu, wakavunja buni moja yenye punje mbili, kila mmoja akapaka punje damu yake na kummezesha mwenzake. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumtupa mwenziwe. Hayo ni ya kweli, na yeyote wa kwetu atakwambia.

Niliyoyaongeza mimi niliyaongeza kwenye sendofu moja, sherehe ya kumuaga bibi harusi, huko Ilala, yapata miaka kumi na miwili iliyopita. Upande wa bwana harusi walikuwa watu wa Pwani, na mzee wao mmoja, kwa adabu kabisa, akauliza kwa nini bibi harusi anatafunishwa kahawa. Watu wa kwetu wakatazamana, kisha wote wakanigeukia. Mdomo wangu haujawahi kukubali kushindwa. Nikashika kipaza sauti.

"Buni moja ina punje mbili," nikasema. "Moja anatafuna kijana, moja anatafuna binti. Binti akishameza, harudi kwao. Akirudi, anayekauka ni mama yake mzazi."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile sitavisahau. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Tangu siku hiyo hakuna posa wala sendofu ya watu wa kwetu iliyokamilika bila maneno yale, na mimi ndiye niliyeitwa kuyasema. Miaka michache baadaye jamaa mmoja alitoka likizo nyumbani akaniambia hata kule wanasema hivyo hivyo. Nilicheka peke yangu dukani.

Nina mtoto mmoja, binti, fundi cherehani. Tuliishi wawili katika vyumba vyetu ghorofa ya tatu, dirisha likitazama ukuta wa jengo jipya, kiasi kwamba taa tunawasha saa sita mchana. Alipochumbiwa, alitafuna kahawa yake sebuleni kwangu, na maneno nikayasema mimi mwenyewe, kwa mbwembwe zote. Mkwe wangu mtarajiwa alikuwa mfanyabiashara wa Buguruni, mpole mbele za watu, shikamoo yake haikosi.

Mwezi haukupita, binti akaja dukani mchana, akakaa, akaanza kulia bila sauti. Yule kijana alikuwa amemwachisha kazi. Kila saa alitaka atumiwe picha ya mahali binti alipo. Jumamosi iliyotangulia alimnyang'anya simu na kukaa nayo mpaka Jumatatu. Nikamwambia hapo hapo aachane naye, na mahari tutairudisha.

"Nimeshatafuna, mama," akasema.

Nilidhani anatania. Kumbe mwenzangu alikuwa akikumbuka siku niliyoanguka dukani kwa presha, yeye akanibeba hadi kwenye bajaji, na hofu ile haikumtoka. Nikacheka kwa nguvu. Nikamweleza kila kitu: ukumbi wa Ilala, mzee wa Pwani, kipaza sauti. Nikaapa kwa kaburi la mama kwamba nimetunga. Akanitazama kwa huruma iliyoniudhi.

Alisema mzazi yeyote angesema hivyo ili kumwokoa mwanawe. Lakini wazee wa kwetu wakisema maneno yale si mila, basi siku hiyo hiyo atarudisha pete. Nikaona jambo limekwisha. Kilichobaki ni mimi kuaibika, na aibu haiui.

Jumapili nikamchukua hadi kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye mkubwa wetu sote hapa mjini. Amevuka themanini na macho yake bado makali. Wazee wengine watano walikuwepo. Nikawaamkia, nikakaa mkekani, nikakiri. Nilitaja hata rangi ya gauni nililovaa siku niliyodanganya. Mzee mmoja akatikisa kichwa na kunung'unika kwamba nimewachezea. Shangazi akasubiri nimalize.

"Hukutunga kitu wewe," akasema. "Mimi niliolewa mama yako hajaletwa bado kwetu, na mama yangu aliniambia maneno hayo hayo. Kukauka kwenyewe kunaanzia miguuni."

Nikabisha. Nikasema hawezi kukumbuka, miaka ni mingi. Akanijibu taratibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, kisha akaagiza chai. Wazee wengine nao wakaanza kukumbuka, huyu bibi yake, yule dada yake. Kadiri nilivyong'ang'ania kuwa mwongo, ndivyo walivyonikatalia.

Lakini si hao walioninyamazisha. Ni ile miguu. Tangu mwezi uliotangulia nyayo zangu zilikuwa zikifa ganzi nikilala, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikaanza kujiuliza kama kweli nilitunga, au niliyasikia maneno yale utotoni juu ya gunia, nikayasahau, kisha yakanitoka Ilala kama yangu. Chai ile sikuimaliza.

Tukiwa nje, barabarani, binti akanishika mkono.

"Niambie mimi peke yangu, mama. Ulitunga?"

Jibu lilikuwa neno moja. Nilikuwa nimeliapia siku chache tu zilizopita. Nilimtazama mwanangu, nikautazama na mguu wangu ndani ya kandambili, nikaogopa kufa. Sina namna nyingine ya kulieleza.

"Sijui," nikamjibu.

Hakuniuliza tena. Tulivuka barabara, akanunua machungwa, tukarudi nyumbani. Sendofu ilifanyika baada ya wiki sita. Nilisingizia koo, na maneno akayasema mwanamke mwingine bila kukosea hata moja.

Ganzi ilipozidi baada ya harusi nilikwenda hospitali. Sukari. Mama alikuwa nayo, na dada zake wawili walikuwa nayo. Daktari akanipa vidonge na kunionya juu ya wali. Sikupita hata dukani. Nilikwenda moja kwa moja Buguruni kumwambia binti.

Nilimkuta nyuma ya mlango wa nondo, na kufuli lilikuwa nje. Mumewe alikuwa ameondoka na ufunguo. Akitoka hufunga, kwa sababu ya wezi, alivyosema binti. Nikamwambia kuhusu sukari. Akafurahi kwa dhati, akaniuliza kama vidonge nanywa kabla ya kula au baada. Ndipo nikamwambia niliyopaswa kumwambia siku ile tulipotoka kwa shangazi: kwamba nilitunga mwenyewe kila neno, na niliposema sijui nilikuwa najihurumia.

Akapitisha vidole kwenye nondo, akaniweka mtandio wangu sawa begani.

"Hata ungeniambia umetunga, nisingeondoka," akasema. "Niliona unaogopa, mama. Ningekuachaje na hofu ile?"

Nikalitikisa kufuli kwa mikono miwili mpaka jirani akatoka kutazama. Binti akaniomba niache, kwa sababu mumewe angeambiwa.