Siku Nilipozimwaga Kadi za Bi Mwasiti

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii niliifuga mwenyewe, na hadi leo jamaa wa mtaani kwetu Isevya wakianza kuisimulia mimi huaga.

Enzi hizo za Ujamaa nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Tabora. Ikaja kampuni kubwa ya kompyuta kutoka Dar es Salaam, inatafuta watu wa kufundishwa kuandika programu, na fomu yao ikauliza kama umewahi kufanya kazi na kompyuta. Nikaandika "ndiyo". (Nilikuwa nimeiona gazetini, tena picha yenyewe ilikuwa na ukungu.)

Siku ya usaili ukumbi ulijaa, waombaji na watazamaji, kila mtu anataka kuiona mashine iliyoletwa kwa treni. Msaili wetu, Bi Mwasiti, fundi wa programu, alisoma fomu yangu akatabasamu.

"Ndugu Ramadhani, wewe mzoefu. Niletee kadi zilizo chumba cha nyuma. Taratibu, programu yote imo humo."

Wakati ule programu ilitobolewa kwenye kadi za karatasi ngumu, na zilipaswa kufuatana. Mimi nitajuaje? Nikazikumbatia zote kwa mkupuo mmoja nionekane mtaalamu, kiwiko kikagonga mlango, zikamwagika sakafuni zote! Nikazizoa mbiombio, nyingine kichwa chini, nikazipeleka na kunyamaza.

Mashine ilitakiwa kuchapa salamu za kumkaribisha mgeni rasmi aliyeketi mbele. Ikazimeza kadi, ikanguruma, ikatoa karatasi ndefu ya nyota na namba zisizo na maana.

Mgeni rasmi akasimama. "Hii ni hujuma! Nani aliingia chumba kile?"

Hujuma! Miaka ile neno hilo lilitosha kumpoteza mtu.

"Nilimwona huyu akitoka humo na benchi," mtu mmoja akasema, akamnyooshea kidole Kulwa, mwombaji mwenzangu kutoka Kaliua.

"Haki ya Mungu, nilifuata benchi tu!" Kulwa akalia. Askari wa mlangoni akamshika mkono, nami nikautazama mlango, nikatazama viatu vyangu, nikajiambia watamwachia tu, lakini hawakumwachia, wakaanza kumtoa, ndipo nikasikia sauti nyembamba kama ya mbuzi, kumbe yangu.

"Ni mimi. Zilinidondoka. Na kompyuta sijawahi kuigusa."

Shangazi yangu akapaza sauti kutoka nyuma: "Ramadhani! Si ulituambia unazitengeneza?"

Ukumbi ukaangua kicheko, hata askari akacheka, akamwachia Kulwa.

Bi Mwasiti hakucheka. "Kila kadi ina namba pembeni. Kaa chini uzipange."

Nikakaa sakafuni hadi alasiri, watu wananiruka kama gunia. Baadaye Kulwa akachuchumaa kando yangu, akaanza kupanga nami. Tulipomaliza, mashine ikachapa salamu sawasawa, na Bi Mwasiti akamchukua Kulwa akafundishwe Dar es Salaam.

Siku aliyosafiri nilimbebea begi hadi ndani ya behewa. Akachungulia dirishani.

"Ramadhani, siku ile ulikawia kusema."

Treni ikaondoka. Kicheko cha ukumbi mzima nilishakizoea, ila maneno hayo ya Kulwa bado yananichoma, na nimeapa mtu mwingine hatashikwa tena mkono kwa kosa langu huku mimi natazama viatu.