Asubuhi Mama Alipoketi Mtumbwini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kwenye bichi yetu ya wavuvi upande wa Port Victoria, nilipokuwa kijana wa mabega mapana na akili finyu. Usicheke. Mabega yamekwenda, akili nadhani imeongezeka kidogo, na chai ya mama yako bado naimaliza kikombe kizima, kwa hivyo silalamiki.

Asubuhi hiyo tulikuta nyavu zetu hazipo. Tulikuwa tumezitega jioni kama kawaida, tukafunga galoni zetu za njano zielee juu, na kulipokucha ziwa lilikuwa tupu. Na wavu kwa mvuvi ndio unga, ndio karo ya watoto, ndio kila kitu. Basi mtu mmoja akasema, "Ni hao wa bichi ya pili. Walionekana huku jana." Hakusema nani aliwaona, wala hatukumuuliza. Tulishapandwa na hasira.

Tukachukua mapanga na makasia. Sasa, huko bichi ya pili ndiko alikokuwa Ouma, mume wa dada yangu Akinyi, mtu mpole anayecheka hata akikanyagwa mguu. Nilijua yuko. Nikajiambia nitampita yeye nimpige mwingine, kana kwamba panga huwa linachagua kwenye vurugu.

Tulipofika majini tukamkuta Mama, nyanya yako, ameketi ndani ya mtumbwi wetu. Ngoja nikueleze, maana ninyi wa siku hizi mnaingia boti ovyo ovyo mpige picha. Wakati huo kwetu mwanamke hakupanda mtumbwi wa kuvulia. Ulikuwa mwiko. Akipanda, hakuna mvuvi aliyeugusa mpaka wazee wauoshe. Na Mama, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliyeshika kila mwiko wa bichi, alikuwa amekaa katikati, leso kiunoni, anachambua omena kwenye beseni kama yuko jikoni kwake. Nyuma yake wachuuzi wenzake walikuwa wanaingia mitumbwi mingine wakishikana mikono, maana hawakuzoea.

"Mama, toka humo," nikamwambia.

"Nitoe," akasema, wala hakuinua macho.

Nani angemshika mamake mzazi amtupe nje? Tukasimama pale na mapanga yetu. Mmoja wetu akabembeleza, mwingine akafoka, Mama anachambua tu. Mwishowe akasema, "Omondi, mimi nina watoto wawili kwenye ugomvi huu. Ouma akifa, Akinyi atakuja kulia kwa nani? Kwako? Kama mnataka kujua nyavu ziko wapi, mtu mmoja atembee kwa miguu, mikono mitupu, akaulize."

Nikatumwa mimi. Panga nililiacha pale kando ya beseni lake. Niliogopa, nakwambia wazi, niliona nakwenda kukatwa.

Kabla sijafika mbali nikamwona Ouma na wenzake kwenye maji mafupi, wanavuta lundo kubwa la gugumaji, na ndani yake galoni za njano. Zetu. Upepo ulikuwa umelisukuma gugu, likakokota nyavu mpaka kwao, nao walikuwa wanaturudishia. "Shemeji," Ouma akaniita, "njoo ushike upande huu, mbona umesimama?" Nikaingia majini nikashika. Nililia, yawa, na nikajimwagia maji usoni asione.

Tulipofika kwetu, Ouma akamwona mama mkwe wake mtumbwini. Kwetu mtu hamkodolei mama mkwe macho, basi akajificha nyuma ya gugumaji na mwili wake wote ule wa jitu. Bichi nzima ikacheka, hata wale waliokuwa wakifoka. Nyavu kadhaa zilichanika, na mmoja hatukuuona tena hadi leo. Wazee wakaosha mitumbwi huku wakinung'unika.

Baadaye nikamuuliza Mama, "Na kama wangekuwa wezi kweli?"

"Ningekaa vilevile," akasema. "Mwizi anaulizwa, anashtakiwa, analipishwa. Ukishamuua utamlipisha nani?"

Mwanangu, siku hizi nakuona umeinamia simu, unasoma maneno ya watu wanaowaita majirani zetu maadui. Siasa ikipamba moto hapa Kisumu tulikohamia, vijana wanaambiwa waokote mawe, na anayewaambia yuko nyumbani kwake anakunywa chai. Nakuomba hivi. Ukisikia fulani ametukosea, uliza nani aliona. Kisha nenda mwenyewe ukaulize, bila kitu mkononi. Na ukikuta ni kweli wametukosea, usinyamaze. Mama hakunyamaza asubuhi ile. Kaeni njiani msipitike, kataeni kuuza, kataeni kupiga kasia, mpaka watu wakae chini wazungumze. Hiyo kazi ni ngumu kuliko kurusha jiwe, na ndiyo ninayokuachia.

Ouma yupo, ni mzee kama mimi. Jumapili atakuja hapa kutoka kanisani, na kama kawaida atakimbilia kichwa cha samaki, ambacho kwa haki ni changu. Tutagombana, kisha nitamwachia. Mungu akubariki, mwanangu, akupe uzee kama huu wangu, na akuachie hai yule uliyetaka kumpiga, mpate kugombania kichwa cha samaki.