Ripoti ya Marekani

Kitabu nilikipata sokoni Bwera, kimewekwa juu ya turubai kati ya viatu vya mitumba na sufuria zilizovuka mpaka kutoka Kongo. Kilikuwa kinene kama tofali, jalada limeng'oka upande mmoja, na ndani yake mlikuwa na maandishi ya Wamarekani tangu wahamiaji wa kwanza hadi karibu na siku zetu, yamepangwa kufuata historia ya nchi yenyewe. Mimi ni mwalimu wa fasihi katika sekondari moja ya Kasese. Muuza viatu hakujua anauza nini, nami sikujisumbua kumwambia.

Likizo hiyo ya Desemba nilikwenda kukaa kwa wazazi wangu Bwera, kwa sababu baba alikuwa mgonjwa. Figo zilikuwa zimechoka, na daktari alitwambia bila kuzunguka kwamba kilichobaki ni kumtunza. Baba alikuwa sajini mstaafu, mtu wa kaskazini. Jeshi lilimleta Kasese, akamwona mama, Mkonzo, mwenyeji wa Maliba, na habari za kurudi kwao zikaishia hapo. Kiingereza hakukijua. Alikuwa na Kiswahili cha jeshi, na ndicho alichotulelea kambini.

Kila jioni kabla ya chakula tulipanga mstari mbele ya nyumba, naye akaita, "Ripoti!" Mimi, binti mkubwa kuliko wote, nilitaja waliopo, kisha wagonjwa, kisha waliokosekana: nani hayupo, na yuko wapi. Siku moja nilimficha dada yangu, ambaye bado alikuwa bombani akicheza na wenzake. Nikasema wote tupo. Baba hakunipiga, ingawa fimbo ilikuwa karibu. Alisema, "Ripoti inaficha mtu, hiyo si ripoti. Hiyo ni uongo."

Basi aliponiona barazani na lile tofali langu, akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni habari ya Wamarekani, jinsi walivyoandika nchi yao.

"Leta ripoti," akasema.

Nilimsomea kwanza orodha ya yaliyomo: wahubiri, uhuru, watumwa, vita vya ndugu kwa ndugu, reli, miji. Alinisimamisha kwa kiganja.

"Hiyo vita iko wapi ndani ya kitabu?"

"Katikati, baba."

"Sawa. Tutafika."

Nilidhani ninajua maana ya maneno hayo. Baba alikuwa na mdogo wake, mmoja tu, ambaye aliingia msituni na waasi wakati baba yuko jeshini, na hakurudi. Mama alituonya tangu tukiwa wadogo tusimwulize kamwe. Tukashika onyo hilo kama amri ya kumi na moja.

Tukaanza. Kila saa kumi alasiri, dawa ikishamezwa, nilisoma kimoyomoyo ukurasa mmoja au mbili wa kila sehemu, kisha nikamsimulia kwa Kiswahili. Wahubiri walioshuka melini walimshukuru Mungu kwa kuwapa nchi tupu. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Tupu? Na ile mahindi walikula, nani alipanda?" Akasema hata watalii wakishuka pale Kikorongo, kando ya hifadhi ya wanyama, huita pori mahali ambapo watu wazima bado wanaonyesha lilipokuwa jiko la bibi yao.

Nilimsimulia habari za waandishi wa baada ya uhuru, waliokuwa na bendera yao lakini wakiona haya kwa kuandika kama Waingereza, hata wakaanza kuandika mito yao na nyangumi wao. Hao aliwaelewa upesi. Halafu wakaja waliotoroka utumwa na kuandika maisha yao wenyewe. Nilimweleza kwamba mara nyingi mbele ya kitabu iliwekwa barua ya mzungu, ikithibitisha kwamba mtu huyu ni mwaminifu na kweli ameandika mwenyewe.

"Barua ya mwenyekiti wa kijiji!" baba akasema. "Bila hiyo hawaamini kama wewe iko hai." Akakigonga kitabu kwa kidole. "Kesho ni ile vita?"

"Kesho," nikasema.

Usiku huo niliyasoma maandishi ya vita peke yangu. Mlikuwa na barua, mashairi, na simulizi la askari anayegeuza maiti ya adui na kukuta uso anaoujua. Sikuweza. Nilimwona baba amelala na mashavu yaliyoingia ndani, nikajiambia mtu anayekufa hapakwi chumvi kwenye kidonda. Leo najua nilijihurumia mimi. Niliogopa kumwona baba yangu analia.

Kesho yake nikaanza na reli. Nilichangamka kama muuza dawa za mitishamba: vichekesho vya watu wa magharibi, miji iliyojaa moshi, watu weusi waliohamia kaskazini na kuandika mashairi yenye mdundo wa muziki wao, watoto wa wahamiaji walioona haya kwa lugha za mama zao na baadaye wakazililia. Baba alisikiliza. Jicho lake lilikuwa kwenye kitabu, ambapo kidole changu kilikuwa kimeruka unene wa kurasa ambao hata kipofu angeuhisi.

Baada ya siku nne tulifika karibu na mwisho, na pale ndipo wenyeji wa ile nchi, wajukuu wa waliopanda mahindi, walipopewa nafasi kubwa ya kusema wenyewe.

"Wenye nchi wamekuja nyuma?" baba akauliza.

"Ndiyo. Waliopanga kitabu waliwaficha muda mrefu," nikasema, tena kwa dharau, mimi.

Nikakifunga. Baba akajivuta, akaegemea ukuta. Sauti ikatoka ile ya kambini, ila ndogo.

"Waliokosekana?"

Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na kitabu mapajani.

"Hakuna, afande," nikasema, nikitabasamu.

Alikitazama kitabu mapajani mwangu. "Sawa," akasema. Siku ya tatu akafa.

Tulimzika Maliba, katika shamba la wajomba zangu. Jioni, watu walipopungua, mama aliketi nami jikoni.

"Baba yako alikuwa anangoja ile vita," akasema. "Kila siku ananiuliza, 'Amefika?' Alizika mudogo wake na mikono yake, wakubwa wa jeshi hawakujua. Fasi gani kaburi iko, mimi hakuniambia, sijui kama ni kule kwao. Alisema atakuambia weye, uandike. Alisema peke yake hawezi kuanza, ila ukifika kwa ile vita mudomo wake utafunguka."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Niliona munasoma. Nilijua munafika."

Sikulala. Asubuhi nilimkuta binti wa yule mdogo wa baba akifunga mfuko wake. Alikuwa amesafiri siku mbili kutoka kaskazini kuja kumzika baba yake mkubwa, na alikuwa na pua ya baba, ileile. Akauliza kwa adabu, macho chini, kama mtu aliyezoea kuambiwa hapana: "Dada, mzee hakuacha neno juu ya baba yangu?"

Mwili wangu ulisimama wima wenyewe. Nikampa ripoti yote. Kwamba baba yake alizikwa, hakuachwa porini. Kwamba aliyemzika ni ndugu yake. Kwamba mzee alitaka kusema, akaniuliza mara ya mwisho kwa mdomo wake, nami nikamjibu hakuna.

Aliachia mfuko ukaanguka. "Alizikwa," akasema. "Mama alikufa akidhani aliliwa na fisi." Akalia, kisha akacheka, kisha akaishika mikono yangu yote miwili. Nadhani yale mengine niliyosema hakuyasikia, kwa maana alinitazama kwa furaha, akauliza:

"Wapi?"