Redio ya Mbali

Mimi hasira zangu za karibu, na siku ile Garsen nusura nimwache mama dukani nirudi zangu Kilelengwani peke yangu. Tulikwenda kununua redio, kumbe kununua redio ni kazi kuliko kutafuta mchumba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aligombana na watu wa nyumbani kwa ajili ya shamba akahamia Mombasa. Miaka ikapita kimya. Mwishowe wachuuzi wa samaki wa Kipini wakaleta uvumi kwamba kila Ijumaa yuko mtu anasoma Kurani kwenye redio ya Mombasa, na sauti ni yake hasa. Mama akauza mpunga wake. Alitaka asikie mwenyewe, ajue kama nduguye yu hai.

Ila alinikataza nisimtaje mjomba mbele ya mwenye duka. Mambo ya nyumbani hayaanikwi dukani, akasema.

Mwenye duka, mtu wa Lamu, akatupangia redio tatu. Kubwa lao lilikuwa la mbao inayong'aa. Niliposikia bei nikakaa chini. Zikabaki ya wastani na ndogo. Nikadhani yenye umbo kubwa ndiyo yenye sauti, mwenye duka akasema wala, cha kutazama ni mawimbi: hii ya wastani ina mawimbi mafupi, ile ndogo ina mawimbi ya kati. Mama akaniuliza kwa Kipokomo mawimbi gani tena, mbona hapa hakuna bahari. Ningejua wapi mimi? Mwenye duka akafafanua kwamba mafupi ndiyo yaendayo mbali, ya kati hayafiki mbali. Hapo kichwa kikanizunguka kabisa. Kifupi kinakwendaje mbali?

Akamgeukia mama. "Bi mkubwa, niambie tu, wataka kusikia mbali au karibu?"

"Mbali," akasema mama. "Mbali kabisa."

Kwetu Mombasa ndiyo ilikuwa mbali. Hakuna mwanamke kijijini aliyewahi kufika. Tukachukua ya mawimbi mafupi.

Ijumaa nikazungusha kitufe mpaka kidole kikauma. Kihindi, Kizungu, mluzi. Kisha, wazi kabisa, Kurani. Mama akaweka mkono kifuani akalia, nami nikalia naye. Lakini msomaji alipomaliza akaingia mtu na Kiarabu mfululizo, Kiswahili hata neno moja hakuna. Nikaingiwa na wasiwasi.

Nikarudi Garsen peke yangu, nikamwambia mwenye duka yote. Akashika kichwa. Mombasa ni karibu, akasema, ni hapa tu. Mliyochukua inashika Misri. Akakubali niirudishe nipewe ile ndogo.

Nyumbani nikamweleza mama huku naifunga redio kwenye kanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, asinikatize. Kisha akaja akalifungua fundo.

"Huyu ndiye kaka yangu," akasema. "Humrudishi dukani."